UZI: Anayesema joto hili halikuletwa na binadamu, ulimjibuje? Tupeane uzoefu

Mleta uzi
Habari za jioni wakuu. Kwetu mjadala huu hauishi. Vuli ikichelewa, mmoja anasema ni mwaka tu, mwingine anasema ni kukata miti, wa tatu anasema tumemkosea Mungu. Nikitaja makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa duniani, naambiwa hayo ni ya Wazungu. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilisema haina shaka kwamba shughuli za binadamu zimepasha joto angahewa, bahari na nchi kavu, lakini ukimsomea mama mkubwa ripoti anaondoka zake. Leteni yenu: ulibishana na nani, na ni kitu gani kilimfanya akae asikilize? Hata kama hakukubali, leta.

Mwalimu wa Moshi
Asante mleta uzi. Nafundisha jiografia, na wanafunzi wangu wote wanaanzia Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ni kweli, zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo 1912 imekwisha. Ila ukibishana na mtu aliyesoma, usianzie hapo. Barafu ile ilianza kupungua tangu karne ya 19, viwanda vikiwa bado vichache, na hewa kuwa kavu na theluji kuwa haba kumechangia sana. Atakubana hapohapo, na mengine yote hatayasikiliza tena.

Mimi nachora ubaoni vipimo vya Mauna Loa, kule Hawaii. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kupima 1958, hewa ukaa (kaboni dioksidi, gesi inayoshika joto) ilikuwa kama sehemu 315 kwa kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Kisha naongeza mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika: miaka 800,000 nyuma, haikuwahi kufika hata karibu na hapo. Swali linalofuata darasani ni lilelile kila mwaka: "Tutajuaje imetokana na watu?"

Wa Goma
Mwalimu, swali hilo sisi tunaishi nalo, maana tuna volkano ya Nyiragongo. Mjomba wangu alikimbia lava 2002, akakimbia tena Mei 2021. Kwake yeye hakuna mjadala: "Mlima unatoa moshi usiku na mchana, ninyi mnanihesabia motokari?" Na hewa ukaa yenyewe anaijua vizuri kuliko wasomi wengi. Huku tunaiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia mabondeni na kwenye mashimo, hasa alfajiri kama hakuna upepo. Mbuzi akishuka kula majani anaanguka palepale, na watoto tunawakataza kucheza huko.

Nilianza na ukubwa: volkano zote za dunia kwa pamoja hazifikishi asilimia 1 ya hewa ukaa inayotolewa na watu kwa mwaka. Akauliza, nani kapima? Nikamwambia tuache kiasi, tutazame alama. Makaa ya mawe na mafuta yametokana na viumbe vya kale, hasa mimea, na mimea huchukua kaboni nzito, ile kaboni-13, kwa uchache kuliko kaboni nyepesi. Kaboni ya volkano haina upungufu huo. Sasa kiwango cha kaboni-13 hewani kinashuka mwaka hadi mwaka, kama inavyotakiwa kuwa ikiwa kinachoongezeka kimetoka kwenye makaa na mafuta.

Hilo halikumgusa sana. Kilichomgusa ni oksijeni. Moto unakula oksijeni. Volkano ikipumua hewa ukaa haihitaji kuila. Na vipimo vinaonyesha oksijeni ya dunia inapungua sambamba na uchomaji. Akashtuka: "Kumbe hewa inatuishia?" Hapana mjomba, ni kidogo mno, kuvuta pumzi hakuna shida. Lakini kuanzia hapo alikuwa anauliza, habishi tena.

Wa Lindi
Mimi bado nina neno. Wao wamechoma makaa tangu karne ya 18 wakatajirika. Sisi tumepata gesi juzi, tunaambiwa tuiache ardhini. Kwa nini nisione kuna mkono wa mtu?

Mleta uzi
Hasira hiyo ninayo pia, mkuu. Afrika nzima inatoa karibu asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotokana na nishati duniani. Lakini tukisema joto halikusababishwa na binadamu, fidia ya ukame na mafuriko tutamdai nani? Waliochoma miaka yote hiyo tutakuwa tumewaachia huru sisi wenyewe.

Wa Muscat
Nawasoma kutoka Oman, mzee wangu ni wa Unguja. Jamaa wa huku hoja yao ni jua: jangwa ni jangwa, lilikuwa na joto tangu enzi. Nawajibu kwa usiku. Juni 2018 pale Quriyat kulipita saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku na mchana. Siku moja si ushahidi, lakini dunia nzima kwa wastani usiku umeongezeka joto kuliko mchana. Jua lingekuwa ndilo chanzo, tungetarajia mchana utangulie. Na satelaiti zinazopima nguvu ya jua tangu 1978 hazijaona ikipanda, huku stratosfea, tabaka la angahewa lililo juu ya hili tunaloishi, likipoa. Hewa ukaa inafanya kama blanketi: chini joto, juu baridi.

Mwalimu, hili la stratosfea unawaelezaje wa kidato cha pili? Mwanangu kaniuliza na bado hajaelewa.