Kastadi ya pasheni imekatika, nilikosea wapi?

MamaTatu: Hamjambo wapendwa, jana nilibeba pasheni 15 kutoka Marikiti nikasema wacha niwatengenezee watoto kastadi, nikasaga kwa blenda na mbegu zake zote, nikaongeza mayai 4, sukari na siagi kwa sufuria nikawasha gesi, dakika mbili tu mayai yameganda vipande vipande, rangi ya kijivu, tena chungu. Nisaidieni jamani.

Kevo254: Pole sana mama. Uchungu ni hizo mbegu zilisagika. Toa nyama na kijiko, weka kwa kichungi, sugua mpaka mbegu zibaki kavu.

ShiruJikoni: Na hiyo sufuria ya aluminiamu ndio ilileta kijivu, haipatani na asidi. Tumia bakuli la kioo juu ya maji yanayochemka polepole, maji yasiguse bakuli, ukoroge bila kuacha hadi ishike mwiko, yaani ukipitisha kidole alama inabaki. Toa hapo hapo. Siagi inaingia mwisho.

Baba Neema: Mi napenda ile ya bila moto. Kopo moja la maziwa mazito matamu, krimu 250 ml iliyopigwa, juisi nusu kikombe, asidi inafanya yashike yenyewe, friji masaa manne. Na chagua pasheni zilizojikunja ngozi, watu huziacha sokoni na ndizo tamu kabisa!!

MamaTatu: Asanteni sana, kumbe zilizojikunja nilizirudisha zote. Jumamosi najaribu ya Shiru.