Mjadala: Mpiga kura wa Oscar ambaye hakutazama filamu, kura yake ihesabiwe?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Najua wengi mkisikia Oscar mnawaza zulia jekundu na magauni, ila leo mimi nina jambo la kura. Aprili 2025 Akademia ya kule Hollywood, wenye tuzo hizo za filamu, ilitangaza sharti jipya: mwanachama hapigi kura ya mwisho kwenye kipengele chochote mpaka awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Tuzo za 98, za Machi 2026, ndizo za kwanza kupigiwa kura kwa sharti hili.

Maana yake kabla ya hapo mtu aliweza kumpa fulani tuzo ya mwigizaji bora huku wenzake wanne hajawaona hata kwenye bango. Kwenye filamu za kimataifa sharti la namna hii lilikuwepo, lakini kwenye Filamu Bora na uigizaji walikuwa wanaachiwa dhamiri zao. Na dhamiri tunazijua. Kila msimu magazeti ya Hollywood yanachapisha maungamo ya wapiga kura walioficha majina: huyu alichoka akazima katikati, yule hakuigusa kabisa kwa kuwa ni ndefu. Na kura wakapiga.

Msimamo wangu ni mmoja: hujatazama, kaa pembeni. Nipingeni, ila kwa hoja.

Jirani wa Kibanda Umiza

Mkuu, naomba nitofautiane na wewe mapema kabla ya wapambe hawajafika.

Sharti ni zuri likiwa kwenye karatasi. Wanachama wana programu yao ya kutazamia, na hiyo ndiyo inayoonyesha nani kafungua nini. Aliyetazamia sinema au kwenye tamasha anajaza fomu tu, basi anaaminiwa. Sasa chukua The Brutalist: saa tatu na dakika 35, na mapumziko ya robo saa humo humo. Mtu anabonyeza, anaiacha icheze, anaoga, anakula, anamaliza simu ya shemeji, akirudi anakuta majina yanapanda. Programu inasema katazama! Kwangu televisheni inawaka kutwa nzima, lakini muulize mama mkwe tamthilia imeishaje, atakwambia alikuwa anachambua mchele.

La pili. Machi 2025, kabla ya sharti lenu hili, tuzo ya katuni ilikwenda kwa Flow, kazi ya Latvia, nchi ambayo haikuwahi kupata Oscar. Paka na wenzake kwenye mashua, hakuna anayesema neno tangu mwanzo hadi mwisho, na imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo hata mimi naipakua bure kwa bando la usiku. Ikaipiga Inside Out 2, ambayo nyuma yake wapo Pixar na Disney. Mwaka huo huo No Other Land ikachukua tuzo ya filamu ya hali halisi ikiwa haina hata msambazaji Marekani. Hao walipigiwa kura na vipofu?

Mleta mada

Hapo kwenye Flow umenibana, nakiri. Lakini kushinda mara moja bila sharti hakuthibitishi kwamba sharti halina kazi. Hata bondia asiyefanya mazoezi kuna siku anashinda.

Na ya mama mkwe nayo nina jibu. Anayedanganya, baada ya sharti anajua kwamba anadanganya. Kabla yake alikuwa anajiona mtu tu mwenye shughuli nyingi.

Msee wa Tao

Sasa ndugu zangu wa huko Bongo, mbona mnabishana na raundi ya mwisho pekee? Sinema zetu zinaangukia mbali na hapo.

Mwaka 2019 Nigeria walipeleka Lionheart ya Genevieve Nnaji, mara yao ya kwanza kabisa kupeleka kitu. Novemba ikaondolewa kwenye kipengele cha filamu za kimataifa. Kosa? Kiingereza kimezidi, Kiigbo ni kama dakika 11 tu. Na kipengele chenyewe kilikuwa kimebadilishwa jina mwaka huo huo, kutoka filamu ya lugha ya kigeni kuwa filamu ya kimataifa! Mama akawajibu kwamba hivyo ndivyo Wanigeria wanavyoongea. Hapo mlitaka nani atazame nini?

Na tusisingizie wazungu peke yao. Hapa kwetu 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku, Mahakama Kuu ikaifungulia siku saba tu mwezi Septemba ili itimize masharti ya kupelekwa Oscar. Siku saba, na tiketi Nairobi zikawa za kugombania. Mwishowe Kenya ikapeleka Supa Modo, ambayo naipenda, msinielewe vibaya. Lakini kuna watu walioijadili Rafiki mwezi mzima bila kuona hata trela yake. Hao nao wawekewe sharti.

Mpemba wa Mjini

Assalaam alaykum. Kaka wa Nairobi kasema kweli, nami namuongezea.

Tanzania ilipeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji kwenye tuzo za 95. Kabla yake tulikuwa na Maangamizi tu, miaka ishirini na ushei nyuma. Haikuingia hata kwenye orodha ya 15. Sasa tujiulize, kwenye mchujo ule wa mwanzo filamu zilifika tisini na kitu, na mwanachama alipangiwa sehemu yake tu ya kutazama. Kwa hiyo kuna walioichuja na kuna ambao hawakuwahi kupishana nayo. Mleta mada analinda mlango wa chumbani, na mwizi kapita jikoni.

Halafu kuna kutazama na kuna kusikia. Mimi kitabu cha Shafi Adam Shafi, kile kilichozaa filamu hii, nilikisoma skuli, nikasoma tena mtu mzima. Nilipoiona filamu nilikuwa nasikia mambo ambayo maandishi ya chini hayakuyabeba. "Hebu" moja ya kwetu ina maana tatu kwa namna inavyovutwa. Maandishi yanakupa moja, tena ile baridi. Msinifahamu kwamba filamu haina kasoro, mwendo wake mzito pahala pengine. Lakini nani kule atajua uzito ule ni wa filamu au ni wa tafsiri?

Jirani wa Kibanda Umiza

Dada umemaliza. Naongeza kidogo tu: Filamu Bora wanaipanga kwa namba, ya kwanza hadi ya kumi. Isipopatikana iliyovuka nusu, ya mwisho inatolewa na kura zake zinahamia kwenye chaguo linalofuata. Kwa mpangilio huo, filamu ambayo mtu hakuiona ataiweka namba ngapi? Huko mkiani, au ataiacha wazi. Kwa hiyo hapo sharti lina maana, nimelegea nusu.

Lakini mleta mada, mbona jambo hili linakuuma hivyo? Wewe si mwanachama wa Akademia.

Mleta mada

Kwa sababu na mimi nimeshafanya, mkuu.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kuwa jaji kwenye mashindano madogo ya filamu fupi za wanafunzi. Nikapewa flashi yenye filamu 14 na karatasi ya alama. Nikatazama 13. Ya 14 ikagoma, inaleta sauti bila picha, kisha inakwama. Ilikuwa saa sita usiku na asubuhi karatasi zinatakiwa. Nikaandika tano juu ya kumi. Nikajiambia ndiyo katikati, siwezi kumuonea mtu kwa tano.

Siku ya tuzo kijana akaja kunishika mkono. Akauliza, "Mwalimu, ile sehemu ya mwisho uliionaje?" Nikamwambia imetulia.

Mpemba wa Mjini

Astaghfirullah. Na mpaka leo hajui?

Mleta mada

Hajui. Flashi ninayo bado, iko kwenye kopo la funguo. Baada ya kusoma ujumbe wako nimeichomeka kwenye kompyuta ya mwanangu, faili likafunguka bila shida. Dakika tisa.

Ni mbaya, dada. Sauti inapwaya, mwigizaji anatazama kamera, stori haieleweki. Ningempa tatu. Lakini sehemu ya mwisho mama mmoja anasubiri maji bombani, ndoo tupu, na mpiga picha hakukata. Kamuacha amesimama pale karibu dakika nzima mpaka anaanza kujikuna mkono. Hicho ndicho alichokuwa ananiuliza.