ETI "IMEPONA"! HUYU BWANA ATANIUA KWA PRESHA

Wakuu, nimetoka ofisini sasa hivi, niko Ngamiani hapa Tanga, chai imepoa mbele yangu na mikono bado inatetemeka. Simtaji. Mnamjua. Yule yule mwenye funguo mia kiunoni, anayegonga kibodi kama anatwanga kisamvu.

Leo kaniambia mbele ya mteja: "Ondoa hicho kidudu chako, programu imepona." Imepona!

Programu yenyewe ni ya mizani ya marobota ya katani. Wiki ya tatu sasa inakufa ovyo. Nikasema niikompaili upya na -fsanitize=address (inayowasha AddressSanitizer, au ASan, mlinzi wa memori programu inapoendeshwa), tumjue anayechezea memori. Siku mbili nzima ./configure, skripti inayokagua mashine kabla ya kukompaili, inanigomea: mara inapita, mara inadai haiwezi kuendesha programu ilizokompaili. Ikipita, nikiiwasha napigwa AddressSanitizer:DEADLYSIGNAL, AddressSanitizer:DEADLYSIGNAL, inashuka kama mvua ya masika, hata jina la faili haitaji. Nikadhani kompaila imeharibika, nikaifuta, nikaiweka tena. Kumbe ni keneli, kiini cha mfumo endeshi! vm.mmap_rnd_bits, namba ya kutawanya anwani za memori kwa bahati nasibu, ilikuwa 32, anwani zinatawanywa mbali mno mpaka zinaangukia pale ASan inapotaka kuweka memori yake ya kivuli, daftari lake la kipi kinaruhusiwa kuguswa. Vile viprogramu vya majaribio vya configure navyo vilikuwa vinakufa hivyo hivyo. Nikaishusha hadi 28 kwa sysctl, amri ya kubadili mipangilio ya keneli. Kimya. Ilikuwa saa nane usiku.

ASan ikanionyesha peupe: heap-use-after-free, yaani memori inatumika baada ya kuachiliwa. Mstari wa 212 unasoma memori ya robota iliyokwisha kuachiliwa mstari wa 198. Mstari wa 198 kaandika nani? Mnamjua.

Nikampelekea. Hata hakusoma. Kaivuta laptopu yangu, KAFUTA ile -fsanitize=address kwenye Makefile, faili la maagizo ya kukompaili, kakompaili, ikawaka. Kamgeukia mteja: "Umeona? Imepona." Vijana wa fildi wakaangua kicheko, mimi nimesimama kama mlingoti. Imepona wapi? Memori iliyoachiliwa inaweza kubaki na namba zake za zamani mpaka apewe mwingine. Siku hiyo robota la kilo 250 litasoma uzito wa jirani yake, na mkulima ndiye atakayeumia.

Kafuta neno moja, kasema imepona. Mbele ya mteja!

Yakhe_wa_Pangani: Kafukuza mlinzi, kasema wizi umekwisha. Huyo namjua, alikuwa kwetu. Pole mkuu.

Bint_Raskazone: Nawe mkuu, siku mbili kwa namba moja ya keneli? Hilo watu wamelijua tangu 2024. Ungeuliza hapa ungejibiwa chai haijapoa.

Mwenye uzi: Dada niache. Kasema IMEPONA.

Kijiti_12: Bora wako. Wa kwetu kaniamuru niendeshe Valgrind, mkaguzi mwingine wa memori, juu ya programu iliyokompailiwa na ASan. Havikai chungu kimoja hivyo! Nikakompaili upya bila ASan, Valgrind ikatambaa kama kobe, kazi ya dakika 2 ikala saa nzima. Inakaribia kumaliza, umeme ukakatika.

Yakhe_wa_Pangani: Na huyo wa kwenu, -g ya kuonyesha namba za mistari aliiweka? Wa kwetu alinipa ripoti ya namba tupu, hakuna mstari hata mmoja.

Kijiti_12: Hakuiweka. Nilianza upya.

Mzee_wa_Barabara_ya_Tisa: Umeme msiniambie mimi. Jana kwangu umekatika mara nne, samaki wote wa kwenye friji wameoza.

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye mada, mstari wa 198...

Bint_Raskazone: Samaki gani mzee, changu au vibua?

Mzee_wa_Barabara_ya_Tisa: Vibua. Ndoo nzima, mwanangu. Nilivifuata soko la samaki la Deep Sea alfajiri.

Kijiti_12: Pole mzee. Kuna mtu anauza betri ya laptopu, hata iliyotumika? Niko Chumbageni.