San Sebastián siku tatu, hela ya meza moja tu ya kishua: niende Arzak, Akelarre au nitoke nje ya mji?

MamaSufuria
Wakuu habari za muda huu. Mwisho wa Mei mimi na mzee wangu tunapita San Sebastián, ule mji wa pwani kaskazini ya Hispania, tunashuka Alhamisi tunaondoka Jumapili asubuhi. Tumejibana mwaka mzima tumetenga yuro 700 za mlo mmoja wa watu wawili, mmoja tu, siku nyingine tutakula kawaida kama binadamu wengine. Shida ni kwamba mji wenyewe ni mdogo lakini kila ukisoma unaambiwa nyota za Michelin (zile wanazopewa migahawa bora, mwisho ni tatu) zimejaa, tatu huku, tatu kule, nimechanganyikiwa kabisa. Mimi ni mtu wa samaki, nyama sina habari nayo sana. Mzee hanywi pombe na nguruwe hagusi, na hataki kukaa anatolewa tolewa povu kwenye sahani halafu anarudi hotelini ana njaa (maneno yake hayo). Waliofika naomba mnifungue macho, hela yenyewe imetafutwa kwa jasho sitaki kujuta.

kijiko_mbao
Hongereni kwanza. Nikupangie kidogo maana hata mimi zilinichanganya. Zenye nyota tatu ni tatu: Arzak ipo mjini kwenyewe, Akelarre ipo juu ya mlima Igueldo inatazama bahari, na Martín Berasategui ipo Lasarte-Oria, hapo jirani, ni teksi fupi tu. Zote menyu ya kuonja (sahani nyingi ndogo ndogo) inacheza karibu yuro 300 kwa kichwa au kupita hapo, bila vinywaji, kwa hiyo angalieni bei ya sasa kwanza kama hiyo 700 itatosha, na msianze kuagiza agiza vitu vya pembeni.

Mimi nilikula Arzak na sijutii. Ile nyumba ilijengwa 1897 na babu na bibi yake Juan Mari Arzak, ilianza kama sehemu ya mvinyo na chakula cha kawaida, leo anaisimamia bintiye Elena, na nyota tatu wanazo tangu 1989 hawajawahi kuziachia. Ukiingia hukuti mahali pa kukutisha, ni kama umeenda kwa watu wenye uwezo lakini wastaarabu. Elena alipita meza kwa meza anauliza watu wanaendeleaje, mimi nikabaki nacheka cheka tu kama mtoto. Chakula chenyewe ni mchanganyiko, kuna sahani unaelewa na kuna sahani unaambiwa uelewe, ila samaki wao usiwaguse kwa maneno, wanaivishwa pale pale wanapotakiwa kuivia, sekunde moja zaidi ingekuwa kosa.

Kitu kimoja, nenda mchana. Mlo unachukua masaa matatu na zaidi, na Wahispania usiku wanaanza saa mbili unusu, mtatoka saa sita mmechoka hamjui mlichokula. Mchana unakaa saa saba unusu hivi, ukitoka jua bado lipo unatembea ufuoni La Concha kushusha tumbo.

BahariaMstaafu
Dada yangu, umesema mwenyewe wewe ni mtu wa samaki na mzee hataki povu. Sasa mnatafuta nini kwenye sahani kumi na kitu? Toka mjini, panda basi uende Getaria, kilomita kama 25 magharibi, kijiji cha wavuvi, kuna mgahawa unaitwa Elkano. Una nyota moja tu ndio maana watu wanaurukaga, na hapo ndio wanakosea.

Mimi nimefika kule kwa kazi, meli yetu ilikaa bandari ya Pasaia siku kadhaa, mwenzetu mmoja Mbasque, yaani mwenyeji wa eneo hilo, akatuchukua. Pale nje wana jiko la mkaa, samaki anaitwa rodaballo, yule bapa, wa jamii ya gayogayo wetu lakini mnene ameshiba, anawekwa mzima na ngozi yake na mifupa yake kwenye wavu wa chuma unaombana huku na huku, chumvi, moto, wanamnyunyizia mchanganyiko wao wa mafuta na siki, basi. Hakuna maua hakuna povu. Anakuja mezani mzima halafu anakatwa mbele yako na unaambiwa hii ni nyama ya mgongoni imekaza, hii ya tumboni ina mafuta, hii ya shavuni, hii ngozi inayonata usiiache, na mwisho unaambiwa shika mifupa kwa mkono unyonye. Nimeona watu wamevaa suti wananyonya mifupa vidole vinang'aa mafuta, hakuna anayemtazama mwenzake. Kila kipande kina ladha yake, samaki ni huyo huyo mmoja. Mimi nimekula samaki tangu nipo mgongoni mwa mama na sikuwahi kufundishwa hivyo.

Halafu nyie mna bahati, rodaballo msimu wake mzuri ndio huo, Mei mpaka Julai hivi, anakuwa amenona. Agizeni pia kokotxas, ile nyama laini ya chini ya kidevu cha samaki wanaomwita merluza. Rodaballo anauzwa kwa kilo kwa hiyo ulizeni uzito kabla hajaingia motoni, sio aibu, wenyewe wanatarajia.

Jina la mgahawa nalo linatokana na Juan Sebastián Elcano, mzaliwa wa hapo Getaria, yule aliyeirudisha meli nyumbani 1522 baada ya kuzunguka dunia nzima wakati Magellan, kiongozi wa safari yenyewe, ameshafia njiani. Watu wanamjua Magellan tu. Haya, nimetoka kwenye mada.

kijiko_mbao
Baharia umenishika pabaya, kwa mtu wa samaki siwezi kubisha sana. Ila samaki wa kuchoma hata akiwa bora duniani ni kitu unachokielewa kabla hujala, Arzak unalipia kitu ambacho hujawahi kukifikiria. Hawa wakina Arzak na Pedro Subijana wa Akelarre ndio walioamka miaka ya 70 wakaanza kukigeuza geuza chakula cha kibasque, wasingekuwepo wao hakuna mtu angepanda ndege kwenda kule kula.

BahariaMstaafu
Sawa, lakini mzee wake kasema povu hapana. Nimemtetea mzee mwenzangu.

Binti_wa_Mezani
Mimi nafanya kazi za mgahawani Ulaya miaka kadhaa sasa, acheni niingie kwenye hilo la nguruwe na pombe maana naona mmelipita juu juu na ndio litakalowaharibia siku.

Andikeni WAKATI WA KUBUKI, sio mkifika. Menyu ya kuonja inapangwa mapema, supu na sosi zinachemshwa tangu asubuhi, mkisema mezani wanachoweza ni kuwaondolea tu kitu, mnabaki na sahani ina shimo. Mkisema wiki mbili kabla wanatengeneza kingine. Na msiandike "hatuli nguruwe" mkaishia hapo, andikeni hakuna jamón (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi), hakuna supu ya mifupa ya nguruwe, hakuna jelatini ya nguruwe, hakuna pombe kwenye sosi. Kule jamón haihesabiwi kama nyama, ni kiungo, inawekwa kwenye kila kitu kama sisi tunavyoweka kitunguu. Hata samaki si salama kwa asilimia zote, merluza wa sosi ya kijani mara nyingi inatiwa mvinyo mweupe. Kwa hilo nakubaliana na baharia, samaki wa mkaa ana vitu vichache vya kuulizia.

Kinywaji, mgahawa mkubwa wowote leo wana mpangilio wa vinywaji visivyo na kilevi, ulizeni bei yake. Kwenye baa za mjini mzee aagize mosto, ni juisi ya zabibu, kila mtu anaijua na haoni ajabu.

Na msikose kutokea bila taarifa jamani. Wanachukua namba ya kadi, usipofika wanakata, na wana haki, meza ni chache na samaki ameshanunuliwa.

tumbo_halina_shukrani
Mimi nitakuja na la kwangu, Mugaritz. Ipo vilimani kule Errenteria, ya Andoni Luis Aduriz, nyota mbili, wanafungua miezi kadhaa tu ya mwaka, miezi mingine wanajifungia wanabuni. Mwisho wa Mei huwa wamefungua. Walipata umaarufu na viazi vilivyopakwa udongo mweupe wa kuliwa, unaletewa unaona mawe matupu, unang'ata unakuta kiazi cha moto. Sahani ishirini na ushee, nyingi unakula kwa mkono. Robo ya vitu nilivichukia kwa moyo wote na mpaka leo ndio mlo ninaouongelea kuliko yote.

Binti_wa_Mezani
Yaani mzee hataki povu wewe unampelekea mawe 😂

MamaSufuria
Nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia. Nimemsomea mzee, kwenye rodaballo akanyamaza kidogo akasema "huyo baharia ni mtu mzima mwenye akili". Kwa hiyo Getaria inaongoza. Swali, hizo siku nyingine tule wapi mjini bila kuibiwa? Na kama Elkano imejaa?

BahariaMstaafu
Ikijaa, kijiji chote cha Getaria kina majiko ya mkaa yamepangwa barabarani, fuata moshi. Jina halitakuwa kubwa ila samaki anatoka bahari hiyo hiyo.

kijiko_mbao
Mjini nendeni Parte Vieja, mji mkongwe, kwenye baa za pintxos, vile vitafunio vya kaunta. Sheria ni moja, baa moja kitu kimoja au viwili halafu unahama. Anzeni na gilda, ni kijiti kimechomekwa zeituni, pilipili na antxoa (kisamaki kidogo cha chumvi), hakina nguruwe. Ganbara nendeni kwa ajili ya uyoga na kiini cha yai. La Viña kuna ile keki ya jibini iliyoungua juu, dunia nzima imeiga, mzee atapenda. Bar Nestor wana tortilla ya mayai na viazi moja mchana na moja usiku, lazima ukaandikishe jina kama saa moja kabla, mimi nilikosa mara mbili.

Kuibiwa: usile vilivyopangwa kaunta tangu asubuhi, tazama ubao wa vitu vya moto, hivyo vinapikwa ukiagiza. Kuna sehemu moja, jina naliacha, nilijaziwa sahani na mhudumu mwenyewe huku anatabasamu, bili ikaja ya watu wanne na nilikuwa peke yangu. Sema unachotaka, kimoja kimoja. Bahashishi sio lazima, ukiacha chenji inatosha.

Binti_wa_Mezani
Buki Ijumaa mchana, usiweke Jumapili, kule Jumapili na Jumatatu sehemu nyingi kubwa zinafunga. Na uandike leo, Mei ya mwisho sio mbali.

MamaSufuria
Nimeshatuma maombi, Ijumaa saa saba unusu, watu wawili, na ile orodha yako ya jamón nimeibandika yote kama ilivyo. Mzee anauliza huyo samaki anaruhusiwa kumla na pilipili yake mwenyewe aliyobeba mfukoni.

BahariaMstaafu
Mwambie aiache hotelini. Akionja akaona bado anaihitaji, nitamlipia mimi hiyo bili.