Mrejesho: Kumuuguza mama aliyepooza

Ndugu zangu, miezi michache iliyopita niliwauliza nifanyeje, kwa kuwa kumuuguza mama yangu, aliyepooza upande mmoja baada ya kupata kiharusi, kulikuwa kumeninyima usingizi na kunifanya nimkaripie bila sababu. Nawashukuru nyote mlionijibu. Ushauri wa kumgeuza kila baada ya saa 2, ili asipate vidonda kwa kulalia upande mmoja muda mrefu, nilikuwa nikiufuata tayari, ila niliufuata peke yangu, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Sasa kaka yangu hushika zamu ya usiku mara 3 kwa wiki, ingawa ilinibidi nimwandikie kila kazi na saa yake, kwani kumwambia tu “nisaidie” hakukuzaa kitu. Muuguzi naye alinifundisha kumwinua kwa kukunja magoti badala ya kuinamisha mgongo, na maumivu ya kiuno yamepungua. Hasira, nakiri, haijaniisha kabisa. Hata hivyo, juzi mama alishika kijiko kwa mkono uleule uliolegea, akakifikisha karibu na mdomo, kikamponyoka, akacheka. Nami niliyezoea kumlisha nikakaa kando, nikamwacha ajaribu tena.