Naomba ushauri: Ruger PC Carbine au Kel-Tec Sub2000?

Habari zenu wakuu. Naishi Houston, Texas, na nataka kununua bunduki fupi ya nusu-otomatiki inayotumia risasi za bastola, milimita 9, kwa mazoezi ya shabaha na ulinzi wa nyumbani. Tayari nina bastola ya Glock 19, hivyo ningependa itumie magazini zilezile.

Nimeazima zote mbili kiwanjani. Ruger ina uzito wa kilo 3 hivi, lakini inatulia begani na teke lake ni dogo. Mke wangu anatumia mkono wa kushoto, na kwenye Ruger mkono wa kukokia na kitufe cha kuachia magazini vinahamishika upande. Hilo limenivutia sana, maana tutaitumia wote.

Sub2000 ina kama kilo 2 tu na inakunjwa katikati, raha kuibeba. Ila shavu linalala juu ya bomba la chuma, na kila risasi unaisikia kwenye taya.

Waliotumia Sub2000 muda mrefu, hilo la shavu mlilitatuaje? Na wenye Ruger, inameza magazini ndefu za Glock za risasi 33 bila kukwama?

Natanguliza shukrani.