Ukiwazungusha matapeli wa simu unasaidia watu au unajitafutia balaa?

Mzaramo_Mtulivu: Wakuu habari za jioni. Hawa watu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamenichosha. Mama mkubwa walishamliza, alikuwa anasubiri namba ya fundi amlipe, ikaingia hiyo meseji akajua ndo fundi mwenyewe, akatuma, mpaka leo hela haijarudi. Sasa mimi wakinipigia sikati tena. Juzi kuna mmoja anasema katuma hela kimakosa kwenye laini yangu nimrudishie, naangalia meseji imetoka namba ya kawaida tu ya mtu na salio langu liko vilevile. Nikajifanya mzee, "ngoja mwanangu nitafute miwani", nikaweka simu mezani nikaendelea kuosha vyombo, narudi bado yupo hewani! Nikamwambia mbona mimi naona elfu kumi na mbili, yeye anasema laki na ishirini, basi akaanza kunihesabia sifuri moja moja mpaka akashtuka, akatukana akakata. Naona muda anaopoteza kwangu hampigii mama wa mtu mwingine. Je kuna madhara yoyote?

Bint Pangani: Endelea mkuu, wala hauko peke yako. Marekani kuna jamaa anaitwa Kitboga, anajifanya bibi kizee na kuwaganda kwenye simu masaa na masaa. Kuna na watu wa tovuti ya 419 Eater wanafanya hivyo kwa barua pepe tangu 2003, hiyo 419 ni kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu utapeli. Uingereza nako mwaka 2024 kampuni ya simu ya O2 walitengeneza bibi wa akili mnemba, Daisy, kazi yake kupokea simu za matapeli na kuwapigia stori za paka wake na kufuma. Kama kampuni kubwa imeona ni jambo la maana basi na wewe uko sahihi.

fundi_redio: Faida ipo ila kuwa makini, maana Daisy hana jina halisi wala nyumbani na wewe unavyo. Mtu akiingiza namba yako kwenye menyu ya kutuma hela anaona jina lako kabla hata hajatuma, na akikasirika ana pa kuanzia. Kwa hiyo usimtajie unapokaa, mwaka wa kuzaliwa wala unafanya kazi wapi. Akikwambia bonyeza nyota sijui nini reli, USIBONYEZE hata kwa kumchezea, unaweza kujikuta umehamisha simu zako ziende kwake au umeidhinisha muamala. Linki usifungue. Na usimpe namba ya mtu mwingine ukidhani umemkomoa, huyo mwenye namba ndo atasumbuliwa.

Ngosha wa Geita: Mi naomba mtofautishe. Hawa wa meseji za Kiswahili ni wa hapahapa, wazungushe tu. Ila wale wa whatsapp wenye kazi za mtandaoni au yule dada mrembo anayekufundisha kuwekeza kripto, wengi wanaandika wakiwa kwenye makambi huko Myanmar na Cambodia na hawakwenda kwa hiari. Agosti 2023 Umoja wa Mataifa ulisema Myanmar wanaolazimishwa ni kama 120,000 na Cambodia kama 100,000. Ndugu zetu Wakenya na Waganda wamo, waliahidiwa kazi nzuri Thailand wakanyang'anywa pasipoti. Asipofikisha malengo anapigwa. Hao mimi siwachezei kabisa, nafunga namba basi.

Mzaramo_Mtulivu: Dah, hilo la makambi sikulijua, asante sana Ngosha. Hao wa whatsapp nawaacha. Vipi hawa wa humu ndani, namba zao nazipeleka wapi?

fundi_redio: Tuma neno UTAPELI kwenda 15040 halafu fuata maelekezo utaweka namba ya tapeli, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano hapa Tanzania. Fanya hivyo kwanza, maana namba ikifungwa umewaokoa wengi kuliko kumweka hewani nusu saa. Na ukimaliza piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao husika waifute, maana laini za utapeli mara nyingi zimesajiliwa kwa majina ya watu wasiojua chochote.